Walioucheka Mtepe

Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka Mji Mkongwe, Zanzibar, na kuua watu wawili, gumzo lilikuwa mnara wa saa na roshani za jumba ambalo Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883. Wengine tulikikumbuka chombo. Kwa miaka kadhaa ukumbini mle ulikaa mtepe ulioitwa Shungwaya, umeundwa upya ili watu wa leo waone wazee wao walisafiria nini. Ukiusogelea, macho yalitafuta misumari, na hupati hata mmoja. Mbao zilishikana kwa kamba ya usumba wa nazi, mshono kwa mshono.

Asili ya vyombo hivi ni ya kale, nami nitaipitia mbio. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unautaja mji wa Rhapta kwenye pwani yetu na kusema jina hilo limetokana na vyombo vyake vya kushonwa. Mwaka 1498 mtu mmoja katika msafara wa Vasco da Gama aliandika kuwa pwani ya Msumbiji aliona vyombo vikubwa visivyo na msumari, mbao zimefungwa kwa kamba, matanga ni ya mkeka. Kisichosimuliwa sana ni ugomvi wenyewe: kwa nini kamba, si chuma?

Ugomvi huo umedumu zaidi ya miaka elfu. Tangu kale ilivuma hadithi kuwa baharini kuna miamba ya sumaku inayochomoa misumari yote chombo kikipita karibu. Procopius, mwanahistoria wa Bizanti wa karne ya 6, aliikataa. Alisema meli za Kirumi zina vyuma na zinapita bahari hiyo hiyo salama. Kwake yeye, sababu ya kweli ni kwamba Wahindi na Wahabeshi hawana chuma, na sheria ya Roma inakataza kuwauzia. Marco Polo alipoziona jahazi za kushonwa kule Hormuz alizidharau, akasema nyingi huzama. Mmisionari Giovanni da Montecorvino, aliyefika India mwishoni mwa karne ya 13, alikuwa mkali kuliko wote: vyombo dhaifu, vimeshonwa kama nguo, uzi ukikatika popote basi kuna tundu, na kila mwaka lazima virekebishwe.

Hoja ya kukosa chuma, kwetu sisi, haisimami. Mwanajiografia al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154, anaeleza kuwa watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na biashara hiyo iliwapa faida kubwa. Watu waliouza chuma hawakushindwa kufua msumari. Ibn Battuta ndiye aliyelenga shabaha: bahari hii ina miamba mingi, chombo cha misumari kikigonga jiwe hupasuka, cha kamba hujipinda na kupona. Msafiri Ibn Jubayr, aliyepita Aydhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliona vyombo vya kamba vikipakwa mafuta, ya papa yakiwa bora kuliko yote, ili mbao zilainike kwa ajili ya miamba hiyo hiyo.

Na hilo la kushona upya kila mwaka, ambalo Montecorvino alilihesabu kuwa aibu, mimi naliona ni utunzaji. Mwenye mashua ya kisasa, yenye nyaya za chuma cha pua zinazoshikilia mlingoti, naye hukagua viungo vyake kila msimu, akitafuta ufa mwembamba kama unywele pale waya unapoingia kwenye kiungo. Kamba hukatikia pembamba. Tofauti ni kwamba usumba hutoa taarifa: nyuzi zinachanua, mshono unalegea, fundi anaona mapema. Chuma cha pua huweza kung'aa hadi siku kinapokatika.

Fundi wa mtepe alitoboa matundu kwa keke ukingoni mwa mbao, akapitisha kamba, akalaza usumba juu ya kiungo ili kuziba, akakaza, kisha akagongomea kigingi cha mti kwenye tundu kamba isirudi nyuma. Hata hivyo maji yaliingia. Mabaharia walikuwa kazini kufua ngama mchana na usiku, na atakayesema mtepe haukuvuja anaongopa.

Kamba yenyewe ilianza kwenye matope. Makumbi ya nazi yalifukiwa ufukweni miezi mingi hadi yaoze, yakafukuliwa yakiwa na harufu ya kumtoa mtu machozi, yakapondwa kwa rungu, yakaoshwa, yakasokotwa. Maji ya chumvi hayaiozeshi kamba hiyo upesi. Maji baridi ndiyo adui yake.

Mitepe ya Wabajuni, ya Faza, Siyu na Pate, ilibeba boriti za mikoko kutoka Lamu hadi kusini. Mtafiti James Hornell alipochapisha makala yake kuihusu mwaka 1941, ilikuwa imeshapita. Majahazi ya misumari yaliichukua kazi yake, na kwenye majahazi hayo kamba za tanga, jarari na demani, leo ni za nailoni.

Kule Oman kilishonwa chombo kikubwa, Sohar, kwa takribani maili 400 za kamba ya nazi, kikaondoka Maskati mwaka 1980 kuelekea China. Leo kimewekwa kwenye mzunguko wa barabara pale Maskati, kila mpita njia akione. Sisi, ambao Rhapta yetu ilipewa jina kwa kazi hii, wetu mmoja tuliuweka ndani ya jumba tulilolitazama likichakaa mwaka baada ya mwaka.

Maji yakitoka, kule Paje na Jambiani, bado utawakuta kina mama wamekaa mchangani, rungu mkononi, wakifua makumbi. Kitenzi ni kile kile walichotumia mabaharia wakitoa maji chomboni. Kamba ikishasokotwa, inapelekwa kufungia makuti na kuwambia vitanda.