Mabasi ya Zilipendwa: Yalipendwa na Nani?

Utangulizi

Wasemaji wa Kiswahili wana neno zuri la kutajia muziki wa zamani: zilipendwa. Kisarufi, neno hili ni sentensi nzima. Lina kiambishi cha ngeli kinachowakilisha nyimbo, kiambishi -li- cha wakati uliopita, na kitenzi penda kilichonyambuliwa katika kauli ya kutendwa. Kama tunavyowafundisha wanafunzi wetu, kauli hiyo humruhusu msemaji amwache mtenda bila kumtaja. Zilipendwa, lakini na nani?

Katika makala haya tunakusudia kuliuliza swali hilo kuhusu jambo lililo mbali na muziki, yaani mabasi ya zamani ya mijini. Katika baadhi ya nchi mabasi hayo hutunzwa, hupakwa rangi upya na kuendeshwa mbele ya watu wanaoyakumbuka kwa mapenzi makubwa. Tutaanzia London, tupitie Montgomery huko Marekani, kisha turejee kwetu Afrika ya Mashariki.

Gari la "kwa wote"

Neno basi, kwa maana ya gari, lilitufikia kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kilifupisha neno la Kilatini omnibus, lenye maana ya "kwa wote". Katika miaka ya 1820 Wafaransa walilitumia kutaja gari la kukokotwa na farasi lililomchukua yeyote mwenye nauli. Tarehe 4 Julai 1829 George Shillibeer alianzisha gari la aina hiyo mjini London. Walimu wa mofolojia watafurahi kuona kwamba kilichobaki katika bus ni kipande tu cha kiambishi tamati kinachobeba maana ya "kwa". Mzizi wenye maana ya "wote" umekatwa. Tutaona kwamba wote hawakukatwa katika neno peke yake.

Routemaster

Pengine hakuna basi linalokumbukwa kwa mapenzi zaidi nchini Uingereza kuliko Routemaster, basi jekundu la ghorofa. Gari la kwanza la majaribio lilionyeshwa mwaka 1954 na kuanza kubeba abiria tarehe 8 Februari 1956. Kati ya mwaka 1958 na 1968 yaliendelea kuundwa kwa wingi hadi yakafikia 2,876. Wahandisi wake, wakiongozwa na A.A.M. Durrant, walitumia ujuzi ambao shirika la usafiri la London lilikuwa limeupata wakati wa Vita Kuu ya Pili, lilipounda ndege za kivita aina ya Halifax. Kwa sababu hiyo bodi lilikuwa la aluminiamu, jepesi, na vipuri vyake vingi viliweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Douglas Scott ndiye aliyelipa sura yake ya mviringo.

Dereva alikaa peke yake mbele. Kondakta alizunguka juu na chini akikata tiketi. Nyuma palikuwa wazi, hapana mlango, na abiria mwepesi aliweza kurukia au kushuka basi likiwa kwenye foleni. Kila baada ya miaka kadhaa basi lilipelekwa kwenye karakana kubwa ya Aldenham, likafumuliwa, bodi likatenganishwa na sehemu nyingine, na mara nyingi namba ileile ikatoka ikiwa imebandikwa kwenye bodi jingine. Kwa hiyo mtu anayejivunia kumiliki basi fulani la mwaka fulani huenda anamiliki namba ya basi hilo na mwili wa jingine. Wanahistoria wa lugha hawatashangaa, maana nayo maneno hubaki na sura ileile huku yakibadilishiwa maana ndani.

Tarehe 9 Desemba 2005 Routemaster ziliondolewa katika huduma ya kawaida, na njia ya mwisho ilikuwa namba 159. Umati ulijaa barabarani kuziaga. Chache ziliachwa katika vipande vya njia namba 9 na 15 kama kumbukumbu. Zile za njia ya 9 zilikoma mwaka 2014, na za njia ya 15 zilipunguzwa mwaka 2019 na hazikurejea baada ya janga la Uviko-19. Hata hivyo, nyingine nyingi zimo mikononi mwa watu binafsi na makumbusho. Jumba la makumbusho ya mabasi ya London lilifunguliwa Brooklands mwaka 2011 na hutegemea sana watu wa kujitolea. Aidha, tangu mwaka 2009 wapenzi wa mabasi haya wamekuwa wakipanga siku ya kuyaendesha hadi Imber, kijiji ambacho wakazi wake walihamishwa na jeshi mwaka 1943 na hawakurudishwa. Basi lisilo na njia hupeleka abiria kwenye kijiji kisicho na watu, na viti hujaa.

Nani hakupanda?

Wahenga walisema, mavi ya kale hayanuki. Methali hii husemwa kwa mambo mabaya yaliyopita ambayo watu wameyasahau, na inaifaa sana hamu ya mambo ya zamani. Ule mlango wa nyuma unaosifiwa kwa uhuru wake ulikuwa ukuta kwa mtu mwenye kiti cha magurudumu. Mama mwenye mtoto na mzigo, au mzee mwenye magoti mabovu, hakuwa na uhuru wa kurukia chochote. Hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kuyaondoa. Wanaolia kwa ajili ya Routemaster ni wale walioweza kuipanda.

Vivyo hivyo kwa waliofanya kazi ndani yake. Kuanzia mwaka 1956 shirika la London liliajiri wafanyakazi moja kwa moja kutoka Barbados, kwa kuwa lilikosa makondakta na madereva. Lakini katika mji wa Bristol kampuni ya mabasi ilikataa kuwaajiri watu weusi na Waasia kama madereva na makondakta. Mwaka 1963, Paul Stephenson na wenzake waliongoza mgomo wa abiria ulioanza mwishoni mwa Aprili, na tarehe 28 Agosti ubaguzi huo ukatangazwa kufutwa. Basi la mwaka 1963 lililong'arishwa leo halionyeshi lolote kati ya hayo, isipokuwa awepo mtu wa kusimulia.

Basi namba 2857

Basi moja limehifadhiwa kwa sababu tofauti kabisa. Tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, Rosa Parks alikataa kumpisha abiria mzungu kiti ndani ya basi namba 2857, lililoundwa na General Motors mwaka 1948. Watu weusi wa mji huo waligoma kupanda mabasi kwa siku 381, hadi mahakama ilipoamua kwamba kuwatenga abiria kwa rangi ni kinyume cha katiba. Basi lenyewe liliendelea na kazi hadi miaka ya mwanzo ya 1970, likauzwa, likawekwa shambani na kutumika kama ghala la mbao na zana. Mwaka 2001 jumba la makumbusho la Henry Ford, huko Dearborn, lililinunua katika mnada kwa dola 492,000 na kulikarabati.

Hapa hatuwezi kusema zilipendwa. Hakuna anayelikumbuka basi hilo kwa raha. Limehifadhiwa ili mtenda na mtendwa watajwe wote wawili kwa majina. Tunaona kwamba huo ndio uhifadhi kamili: chuma pamoja na maelezo yake.

Kwetu, chuma kilikwenda

Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na mabasi yake. Kenya Bus ilianza Nairobi mwaka 1934. Dar es Salaam ilikuwa na DMT, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Miongoni mwa mabasi ya UDA yalikuwamo marefu aina ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye kiungo kinachojikunja katikati, ambayo wakazi waliyaita kumbakumba kwa jinsi yalivyowakumba abiria wote kituoni. Mjini Budapest Ikarus za mwisho ziliagwa kwa sherehe Novemba 2022, na baadhi zimetunzwa. Kwetu mengi yaliishia kuwa chuma chakavu.

Lakini neno kumbakumba limebaki. Ndiyo kusema kwamba makumbusho yetu ya mabasi yamo katika msamiati. Matatu inahifadhi nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi, ingawa hakuna tena anayelipa kiasi hicho. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kufanya kazi bila leseni maalumu. Daladala, yaliyohalalishwa mwaka 1983, huelezwa kuwa yalipata jina kutokana na sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala. Hapa Kampala husema kamunye, jina la Kiganda la mwewe, kwa jinsi gari linavyomnyakua abiria kama kifaranga. Nchini Rwanda husema twegerane, yaani tusogeleane, na jina hilo linatosha kueleza jinsi watu walivyokaa. Tangu mwaka 2016 Dar es Salaam imeongeza mwendokasi, na basi lenye kiungo katikati limerudi barabarani kwa jina jipya.

Makumbusho haya hayahitaji rangi wala vipuri. Hata hivyo yana udhaifu mmoja: neno linaweza kuendelea kutumika huku historia yake ikifa. Siku atakapoondoka mtu wa mwisho aliyelipa nauli kwa dala, daladala itabaki sauti tu kama -bus.

Hitimisho

Tunawaomba walimu wenzetu walifanye jambo hili kuwa zoezi. Kila mwanafunzi na amtafute mzee mmoja aliyesafiri kwa mabasi ya mji wake, amwulize majina ya magari, ya wafanyakazi wake, ya vituo na ya nauli, na ayaandike pamoja na mwaka na mahali. Kisha aulize maswali mawili zaidi: nani alikaa, na nani aliachwa kituoni? Majibu ya swali la kwanza yatakuwa matamu na yatakuja haraka. La pili litahitaji subira, kwa sababu aliyeachwa kituoni hana picha wala tiketi ya kuonyesha. Darasani, baada ya hapo, sentensi zote za kutendwa zirejeshwe katika kauli ya kutenda, na kila mtenda apewe jina lake.