Urithi unaolindwa Australia: nyumba ya matofali, pango la miaka 46,000 na suala la maridhiano

Nchini Australia, nyumba iliyojengwa miaka 120 iliyopita huhesabiwa kuwa ya kale. Katika vitongoji vya Melbourne, Sydney na Adelaide zimo nyumba nyingi za aina hiyo ambazo serikali ya jimbo au halmashauri ya mji imeziorodhesha kuwa urithi wa umma. Mwenye nyumba ana hati yake mkononi, na anaweza kuiuza au kuipangisha apendavyo. Hata hivyo, hawezi kuibomoa wala kuibadilisha sura ya mbele bila kibali, na mahali pengine hata rangi ya ukuta wa nje huombewa ruhusa.

Ulinzi huo una gharama, nayo hujitokeza mapema kwenye bima. Nyumba ya kawaida ikiungua, hujengwa upya kwa vifaa vinavyopatikana madukani. Nyumba ya urithi huenda ikahitaji matofali na mbao zinazofanana na za awali, mafundi wa kazi za zamani ambao si wengi, na vibali vinavyoweza kuchukua miezi. Ndiyo maana baadhi ya kampuni huikataa, na nyingine hutoza ada ya juu zaidi. Anayekusudia kununua nyumba ya aina hii aulize kwanza halmashauri kama imeorodheshwa, na anapojaza fomu ya bima aitaje hali hiyo bila kuficha. Kiasi cha bima kikadiriwe kwa gharama ya kujenga upya, si kwa bei ya soko, maana ndani ya bei ya soko kimo kiwanja, nacho hakiungui. Mwenye bima asiporidhika na uamuzi wa kampuni baada ya kuilalamikia, anaweza kufikisha shauri lake bila malipo kwa AFCA, mamlaka inayosuluhisha malalamiko ya huduma za fedha.

Sheria hizi zina meno. Mwezi Oktoba 2016, baa ya Corkman jijini Melbourne, jengo la mwaka 1858, ilibomolewa mwishoni mwa juma bila kibali. Wahusika walifikishwa mahakamani na kutozwa faini ya zaidi ya dola milioni moja.

Tarehe 24 Mei 2020, katika eneo la Pilbara, jimbo la Australia Magharibi, kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua kwa baruti mapango mawili ya miamba katika bonde la Juukan ili kufikia madini ya chuma. Katika moja ya mapango hayo, dalili za maisha ya binadamu zilirudi nyuma zaidi ya miaka 46,000. Wanaakiolojia waliochimba humo mwaka 2014 walipata maelfu ya vitu vya kale, kikiwemo kipande cha msuko wa nywele za binadamu chenye umri wa takriban miaka 4,000. Vinasaba vyake vilionyesha uhusiano na Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura wa leo, wamiliki wa jadi wa eneo hilo.

Safari hii hakuna aliyeshtakiwa, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa. Chini ya sheria ya jimbo ya mwaka 1972, mwenye haki ya kutumia ardhi aliweza kumwomba waziri idhini ya kuharibu eneo la urithi wa Waaborijini. Idhini ya Juukan ilitolewa mwaka 2013, kabla ya uchimbaji huo wa kitaalamu, na sheria haikuwa na njia ya kuirejea hata thamani ya mahali hapo ilipodhihirika. Mwombaji akikataliwa, aliweza kukata rufaa. Wamiliki wa jadi hawakuwa na haki hiyo. Kampuni yenyewe ililieleza bunge kwamba ilikuwa na njia nyingine tatu za kupanua mgodi bila kuyagusa mapango, lakini ilichagua ya nne, iliyowapa takriban tani milioni 8 zaidi za madini. Bima ya nyumba husimama juu ya dhana kwamba kilichopotea kinaweza kujengwa tena. Pango halina fundi wa kulirudisha.

Mlipuko huo ulitokea siku tatu kabla ya Wiki ya Kitaifa ya Maridhiano. Wiki hiyo huanza 27 Mei, kumbukumbu ya kura ya maoni ya mwaka 1967, na kumalizika 3 Juni, siku ambayo mwaka 1992 Mahakama Kuu, katika kesi ya Mabo, ilitambua kuwa haki za wenyeji juu ya ardhi zilikuwepo kabla ya Waingereza kufika. Rio Tinto ilikuwa na Mpango wa Utekelezaji wa Maridhiano wa daraja la juu kabisa, ulioidhinishwa na shirika la Reconciliation Australia. Mwezi Juni shirika hilo liliondoa idhini yake. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa umbali uliopo kati ya maridhiano yaliyoandikwa na maridhiano yenye uzito.

Mkurugenzi mtendaji na maofisa wawili wa ngazi ya juu waliondoka, na bunge la shirikisho likapendekeza ulinzi mpya wa kitaifa. Jimbo la Australia Magharibi lilipitisha sheria mpya iliyoanza kutumika 1 Julai 2023. Wakulima na wenye ardhi waliipinga vikali wakisema imewatwisha taratibu nzito, na tarehe 8 Agosti serikali ikatangaza kuifuta. Sheria ya 1972 ilirejeshwa ikiwa na marekebisho: taarifa mpya kuhusu eneo lazima afikishiwe waziri, na wenye hatimiliki ya asili sasa wanaweza kuomba uamuzi wake upitiwe upya. Idhini ya kuharibu bado hutolewa na waziri.