Kitu ulinunua hakikupendezi: magazini inapashwa kukirudisha ao hapana?

Katika magazini nyingi za Lubumbashi, kuanzia za katikati ya muji mupaka zile ndogo za kartie Karavia, kuko karatasi yenye kubandikwa pale watu wanalipia: « Les marchandises vendues ne sont ni reprises ni échangées ». Maana yake, kitu kikisha kuuzishwa hakirudi, na hakibadilishwi. Mara nyingine maneno hayo yanapigwa chini ya fakture, kwa herufi ndogo sana. Wakaaji wengi wanayasoma kama vile ni sheria ya inchi. Lakini si sheria. Ni neno la muuzishaji, na nguvu yake inategemea malalamiko gani mununuzi analeta.

Tuanze na malalamiko ya kila siku. Mutu amenunua viatu, kufika nyumbani vinamubana. Ao mama amenunua pazia, rangi haipatane na viti vya salon. Kitu ni kizima, hakina kosa lolote. Hapo sheria ya Kongo haimulazimishe muuzishaji kurudisha feza wala kubadilisha. Kodi sivili, kitabu cha tatu, katika kifungu cha 33, inasema kama mapatano yenye kufanywa kwa njia ya haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Bei mulipatana, kitu ulikiona, feza ulitoa: biashara imekwisha. Mwenye magazini akikubali kubadilisha ao kukupa boni ya kununua kitu kingine, ni roho yake nzuri, na pia ni akili ya biashara, sababu mukiriya wa Karavia mwenye kukasirika anajua njia ya kufika magazini ingine.

Kuko watu wanasema kama Ulaya mutu anarudisha chochote ndani ya siku 14. Ni kweli nusu. Siku zile 14 za Umoja wa Ulaya ni za vitu vilivyonunuliwa kwa mbali, kama vile kwa intaneti, ao kwa muuzishaji aliyekuja kugonga mulango. Mwenye kuingia mwenyewe ndani ya magazini ya Bruxelles hana haki ile. Magazini nyingi zinarudisha kwa kupenda kwao. Afrika ya Kusini, sheria ya mwaka 2008 ya kulinda wanunuzi inatoa siku 5 za kazi za kubadili mawazo, lakini ni pale muuzishaji ndiye alimufuata mununuzi kwa matangazo yake. Kwa kitu chenye kosa, sheria ile ile inatoa miezi 6.

Basi swali la kuuliza mbele ya kulipa ni lepesi: « Kama haimuenee mutoto, nitabadilisha? Mupaka siku gani? » Na jibu liandikwe juu ya fakture. Muuzishaji akisha kuandika « échange 3 jours », neno lile nalo linakuwa sehemu ya mapatano, na kifungu cha 33 kinamushika yeye pia.

Mambo yanabadilika kabisa kama kitu kina kosa lenye kufichama. Tuseme familia moja imenunua konjelateri mupya. Siku ya nne haigandishe tena, nyama inaoza. Mutu wa magazini anaonyesha karatasi ya ukutani, kisha anaongeza neno ambalo kila mukaaji wa Lubumbashi amekwisha kulisikia: « Ni kura ya SNEL ndio iliichoma. »

Hapa Kodi sivili iko upande wa mununuzi kuliko vile watu wanafikiri. Ni dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, ya wakati wa Leopold II. Ina umri kupita muji wenyewe, ambao ulianza mwaka 1910. Kifungu cha 318 kinasema muuzishaji anajibu juu ya makosa yenye kufichama ambayo yanafanya kitu kisifae kwa kazi yake. Vifungu vinavyofuata vinamupa mununuzi uchaguzi: kurudisha kitu na kupata feza zake, ao kubakia nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Na kama muuzishaji alikuwa anajua kosa lile, anapashwa kulipa hata hasara ingine iliyotokea, kama ile nyama.

Na karatasi ya ukutani? Sheria inakubali muuzishaji aseme mbele kama hatatoa garanti, lakini ni kama yeye mwenyewe hakujua kosa. Aliyejua na akanyamaza, karatasi haimusaidie. Ubelgiji na Ufaransa, ambako kodi yetu ilitoka, mahakimu wanahesabu kama mutu mwenye kazi ya kuuzisha anajua hali ya vitu vyake. Ni neno ambalo avoka anaweza kulileta hata mbele ya hakimu wa hapa. Tena, maneno yaliyochapwa chini ya fakture, ambayo mununuzi anapewa akisha kulipa, ni vigumu kusema aliyakubali mbele.

Kosa la kuonekana kwa macho, hilo sheria hailichunge. Kioo cha telefone kilikuwa kimepasuka na ulikichukua hivyo, usirudi. Ndiyo maana kujaribu kitu palepale, kuchomeka ku kura, kupiga simu, kufungua karto, si kumukosea muuzishaji heshima.

Mzigo mukubwa ni ushahidi. Mununuzi ndiye anapashwa kuonyesha kama kosa lilikuwamo tangu siku ya kununua. Juu ya konjelateri, kuwa na stabilizateri kunazima mabishano ya SNEL karibu yote. Fundi asifungue chombo mbele magazini haijakiona, sababu watasema fundi ndiye aliharibu. Na kungoja wiki nyingi ni kujipoteza. Malalamiko ya namna hii yanaomba haraka. Bila fakture, mesaje ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money inaweza kusaidia, pamoja na mazungumzo ya WhatsApp na muuzishaji: kodi ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 inatambua maandiko ya kielektroniki.

Kuko tena udanganyifu wenyewe: ulilipa kitu cha marke fulani, wakakupa cha kufananisha. Hapo si kosa la kufichama tena. Kifungu cha 99 cha kodi penale kinaazibu mutu anayemudanganya mununuzi juu ya kitu chenyewe, ao juu ya asili yake. Hii inaweza kupelekwa kwa polisi ao parquet. Lakini konjelateri yenye kufa bila udanganyifu ni mambo ya sivili; polisi hawana haki ya kumufunga mutu juu yake, na mununuzi anayetoa feza ili muuzishaji afungwe anajitafutia hasara ya pili. Vyakula vyenye kupita tarehe, mutu anaweza kuvijulisha kwa OCC, ofisi ya serikali yenye kuchunga ubora, ao kwa divizio ya uchumi ya jimbo.

Kama magazini inakataa kabisa, barua fupi yenye tarehe, pamoja na kopi ya fakture, muuzishaji akaitia sahihi kama ameipokea, inafungua masikio ya wengi. Kisha ni tribinali. Hesabu ifanywe vizuri: kwa pasi ya dola 15, safari na gharama zinaweza kupita bei ya pasi.

Wale wenye kununua Kasumbalesa ao kwa wauzishaji wakubwa ili wauzishe tena, sheria yao ni ingine. Kati ya wafanya biashara ni OHADA, ambayo ilianza kutumika Kongo tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 2012. Kosa la kuonekana linapashwa kujulishwa ndani ya mwezi mumoja tangu kupokea vitu, la sivyo haki inapotea.

Jambo moja linasahauliwa mara nyingi, na linaleta ugomvi hata pale muuzishaji amekubali kurudisha: feza gani? Bei ilisemwa kwa dola, mutu akalipa kwa franka, siku kumi nyuma yake taux imebadilika. Fakture yenye kuandika bei, feza iliyotolewa na taux ya siku ile inamaliza mabishano hayo mbele hayajaanza.