Mchujo: Ijumaa ya Mwanagofu wa Daraja la Pili

Mashindano mengi ya gofu ya kulipwa huchezwa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, mashimo 18 kwa siku. Lakini kama nusu ya wanaoanza Alhamisi hawaioni Jumamosi. Baada ya mashimo 36 mikwaju hujumlishwa, mstari hupigwa, na walioangukia upande mbaya hufunga mizigo. Hatua hiyo waandishi wetu wa michezo huiita mchujo, na kwa maoni yangu jina limefika kwa mwenyewe.

Kishawishi cha kusema "mkato" kipo, kwa kuwa Kiingereza nacho hutumia neno la kukata. Ila mkato kwetu ni alama ya uandishi au njia ya kufupisha safari, na ukisema mwanagofu "amekosa mkato" msomaji atadhani kachelewa kwa sababu ya foleni. Mtoano nao haufai. Kwenye mtoano kuna anayekutoa: timu mbili zinakutana, moja inaiondoa nyingine. Kwenye gofu hakuna aliyekutoa. Umecheza na uwanja, na wenzako zaidi ya mia wamecheza na uwanja uleule.

Mchujo unabeba picha sahihi mpaka kwenye kitenzi. Anayekamua nazi anajua kuwa kinachopita kwenye chujio ni tui, na machicha ndiyo yanayobaki. Ndiyo maana tunasema mchezaji amepita mchujo, na aliyeshindwa amechujwa. Sarufi yenyewe haina huruma: aliyepita ni mtendaji, aliyechujwa katendwa.

Sasa mstari hupigwa wapi? Chukua Korn Ferry Tour ya Marekani, msururu ulio ngazi moja chini ya PGA Tour, ule wa juu kabisa nchini humo, ulioanza mwaka 1990 kwa jina la Ben Hogan Tour na kubadilishwa jina kila udhamini ulipobadilika. Huko hupita 65 bora na wote waliolingana na wa 65. Tuseme wachezaji 60 wana mikwaju 138 au pungufu, na 13 wana 139. Mtu wa 65 yumo miongoni mwa hao 13, basi wote 13 wanapita na jumla inakuwa 73. Mwenye 140 kwisha habari yake.

Kwa hiyo mstari wa mchujo hausimami mahali pamoja. Aliyemaliza asubuhi akiwa na 140 hajui kama aagize chakula au aagize teksi. Upepo ukivuma alasiri, wenzake wataharibu na mstari utamfuata alipo. Hali ikitulia, watamwacha. Anakaa klabuni akitazama matokeo ya watu wengine, na hana tena fimbo mkononi ya kubadilisha chochote. Wakati huohuo, kule shimo la 18, kuna mwingine anayehitaji kuusukuma mpira mita mbili tu uingie. Ukizunguka ukingo na kutoka, wiki yake imekwisha. (Ijumaa nayo si lazima. Kwenye mashindano ya Januari kule Bahamas, Korn Ferry Tour imezoea kuanza Jumapili, na mchujo ukaangukia Jumatatu.)

Mita mbili hizo ni nauli, hoteli na ujira wa kedi, mbeba fimbo wake. Tangu 2023 kila mashindano ya Korn Ferry Tour yana fungu la zawadi lisilopungua dola 1,000,000, na mshindi huchukua asilimia 18, yaani dola 180,000 pale fungu linapokuwa la kima hicho. Wa mwisho kati ya waliopita huambulia dola elfu chache tu. Aliyechujwa hapati kitu kwenye fungu, wala pointi. Juma linalofuata anasafiri tena kwa gharama zake, pengine kutoka Panama kwenda Bogotá, mji ulio juu ya mita 2,600, ambako hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali kuliko alivyozoea. Mwisho wa msimu wanaopandishwa PGA Tour ni 20 tu. Hadi 2024 walikuwa 30. Mchujo wa mwaka mzima, ukipenda.

Kenya tunaijua hali hii kwa karibu. Kenya Open ilikuwa katika Challenge Tour, daraja la pili la Ulaya, tangu 1991 hadi 2018, kabla ya kupandishwa daraja mwaka 2019. Trevor Immelman alishinda mwaka 2000, miaka minane kabla ya kutwaa taji la mashindano makubwa ya Masters. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya Aaron Rai, Mwingereza ambaye mama yake ana asili ya Kenya. Msimu huohuo alishinda mara tatu kwenye Challenge Tour, na kwa kanuni ya kushinda mara tatu akapanda daraja bila kungoja msimu uishe.

Hata hivyo, neno mchujo lina kasoro moja. Baadhi ya waandishi hulitumia pia kwa mashimo ya ziada ya kumpata mshindi. Mwaka 2018, kwenye Kenya Open iliyochezwa klabu ya Muthaiga, Nairobi, Lorenzo Gagli wa Italia na Jens Fahrbring wa Uswidi walilingana baada ya mashimo 72, na Gagli akashinda kwenye mashimo ya ziada. Ukiandika kuwa "alishinda kwenye mchujo", unamrudisha mtu hadi Ijumaa. "Mashimo ya ziada" yatosha, tena hayahitaji maelezo.

Kuna wakati PGA Tour yenyewe iliwatia waandishi taabuni zaidi. Tangu 2008 hadi 2019, wakipita wachezaji zaidi ya 78, mchujo wa pili ulifanyika Jumamosi. Walioachwa hapo walilipwa, lakini Jumapili hawakucheza. Huwezi kuandika kwamba mtu wa namna hiyo hakupita mchujo, na huwezi kumweka na waliomaliza. Mimi ningeandika "alichujwa Jumamosi", na kiasi alicholipwa nikakitaja papo hapo.