Hisa si gawio

Katika soko la Daraja Mbili, Kisii, nyanya huuzwa kwa mafungu. Hisa, neno tulilopewa na Kiarabu, nalo ni fungu tu, ila hili hulibonyezi kabla ya kulipa. Hisa za Nation Media Group, wenye runinga ya NTV, mwaka 2014 ziliuzwa kwa zaidi ya shilingi 250 kila moja. Kufikia 2024 hazikufika 25. Mwekezaji mdogo huikodolea simu macho na kujifariji: "Sijauza, kwa hiyo sijapata hasara." Maneno matamu hayo, lakini thamani imekwisha kushuka. Wengine huita hisa gawio. La! Gawio ni faida wanayogawiwa wanahisa, na kampuni inayoyumba yaweza isilitoe. Na "masheya", jina lingine la hisa, tuwaachie madalali.