Ndoo Mbili za Viazi

Mamangu hashabikii timu yoyote. Ukimuuliza kuotea ni nini, atakuuliza kama umekula. Lakini hapa Ziwa la Ng'ombe sijaona mtu anayeijua ratiba ya ligi ya Uingereza kama yeye. Huuza viazi karai na bajia mkabala na banda la video, na hesabu yake ni ya ndoo. City wakicheza na Fulham, ndoo moja. Arsenal na Manchester United, ndoo mbili, na ukwaju uroweke tangu usiku. Mechi za Ulaya za saa nne usiku hauzi kabisa, kwa sababu, anasema, wanaume wa usiku hula kwa mkopo.

Nimeishi kwa ndoo hizo. Zimenilipia daftari, zimenivusha shule ya upili, na zilikaribia kunivusha chuo kikuu. Kwa hivyo nikisikia mtu akisema mpira ni mchezo tu, wa kupitisha wakati, mimi huuliza: nyumbani kwa nani?

Bibi yangu, mamake babangu, alikuwa akitucheka. Aliona wajukuu wamenuniana kwa sababu ya watu wa Manchester wasiowajua, akasema haya si mageni, ni yale yale ya mamake. Nilidhani anatania. Baadaye nikamsoma Margaret Strobel, aliyeandika kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa kutoka 1890 hadi 1975, nikakuta bibi alikuwa akinipa historia. Wanawake wa mji huu walikuwa na vyama vya lelemama, maarufu zaidi Ibinaal Watan na Banu Saada, na walishindana si kwa ngoma peke yake bali kwa sare, kwa karamu, kwa ng'ombe waliochinjwa. Wenzenu wakichinja mmoja, nyinyi mnatafuta wawili. Kabla yao na pamoja nao kulikuwa na beni, ngoma ya tarumbeta na magwaride iliyotokea pwani hii mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Hapa Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi, na Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975. Mji mmoja, pande mbili, kila upande na rangi zake na vyeo vyake, na kila mtu ajua jirani yake ni wa wapi.

Nani alilipa? Bibi alikuwa na jibu la swali hilo. Mamake aliuza bangili mbili za dhahabu ili avae sare kama wenzake. Bangili alizopewa za harusi. Mumewe alipouliza zimekwenda wapi, aliambiwa zimepotea kisimani, na ikabidi mtu ashushwe kisimani kuzitafuta! Bibi akilisimulia hili alikuwa akicheka hadi machozi, kisha ananyamaza kidogo, kwa sababu bangili hizo ndizo zingekuwa zake.

Lelemama ilipokuwa inafifia, mpira ulikuwa tayari umeshika mji. Babu alikuwa mtu wa Feisal. Sijui kama vijana wa leo hata wanalijua jina hilo, na mimi mwenyewe nilikuwa nadhani ni jina la mtu. Feisal ilikuwa klabu ya Mombasa, na mwaka 1965, ligi ya taifa ikiwa na msimu wake wa tatu tu, ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Kenya. Mwaka wa kwanza walichukua Nakuru All Stars, wa pili Luo Union, wa tatu Feisal. Tangu hapo hadi ninapoandika hakuna timu ya Pwani iliyowahi kuurudia ubingwa huo. Miaka sitini! Babu alivuka daraja la zamani la Nyali, lile la kuelea lililofunguliwa 1931, akaenda uwanjani kisiwani na kurudi kwa miguu ili nauli ibaki ya kiingilio. Bibi alijua Feisal wamefungwa kwa namna mlango ulivyofunguliwa. Siku hizo hakumwomba pesa ya mafuta ya taa hadi kesho yake.

Asipoweza kwenda, kulikuwa na redio. Na hapa naomba nijivunie mtaa kidogo. Leonard Mambo Mbotela, sauti iliyowatangazia Wakenya mpira kwa miongo, alizaliwa Frere Town mwaka 1940, hapa jirani tu na kwetu, katika kijiji ambacho wamishonari walikianzisha 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Babake, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Watu wengi wanamkumbuka mwana kwa kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, lakini nyumbani kwetu alikuwa mtu wa mpira kwanza. Redio ilikuwa moja, betri zake zilianikwa juani zikichoka, na Jumamosi zilihifadhiwa. Yaani taarabu ya bibi ilizimwa tangu Alhamisi ili Mbotela asikatike Jumamosi. Bibi alifariki hajaisamehe Feisal kwa hilo.

Timu za zama zile zilikula pesa, sawa, lakini ziliweza pia kuzileta. Timu za mashirika ziliwapa wachezaji kazi. Bandari ni timu ya Halmashauri ya Bandari hadi leo, na katika mitaa ya bara hii, Kisauni, Likoni, Changamwe, mzazi aliyemwona mwanawe ana mguu mzuri hakuona mchezo, aliona ajira yenye matibabu. Babangu aliruhusiwa kukosa chuo cha Qurani siku za mazoezi kwa hesabu hiyo hiyo. Goti likamtoa akiwa na miaka kumi na tisa, akawa fundi wa rangi.

Halafu ikaja runinga, na timu zikahamia mbali.

Babangu anakumbuka siku yenyewe: tarehe 26 Mei 1999, fainali ya Ulaya kule Barcelona. Bayern Munich wanaongoza bao moja, dakika tisini zimekwisha, Sheringham anasawazisha, Solskjær anaua. Babangu aliitazama kwenye hoteli moja Kongowea, amesimama, na mamangu nyumbani na mimba yangu ya miezi minane. Nilipozaliwa alitaka niitwe Solskjær. Bibi alikataa kata kata. "Mtoto ataitwaje jina ambalo maalimu hawezi kulitamka?" Nikapewa jina la babu, na nashukuru.

Lakini tangu usiku huo nyumba yetu ikawa ya United. Tulinunua TV kabla ya friji, na mamangu, anayeuza chakula, alikaa miaka minane akinunua barafu kwa jirani. Nikahi ya kakangu ilisogezwa kutoka alasiri hadi saa nne asubuhi kwa sababu United walikuwa na Liverpool. Mkwe wetu alikuwa wa Liverpool naye, kwa hivyo hakuna aliyepinga. GTV ilipokuja 2007 na dishi la bei nafuu, mtaani watu waliacha kununua vitanda. Januari 2009 kampuni ikafungwa ghafla, na madishi yale mpaka leo utayaona juu ya mabati, mengine yamegeuzwa vyombo vya kulishia kuku. Watu wakarudi kwa banda la video. Na uwanja wa manispaa kule kisiwani ulipobomolewa ili ujengwe upya, ukakaa miaka na miaka bila kwisha, banda likabaki ndio uwanja.

Mpaka hapo gharama ilikuwa ya kiingilio, jezi na heshima. Kisha mpira ukaingia ndani ya simu, pamoja na M-Pesa.

Nitasema yangu. Mei 2019 nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Karo iliyobaki ilikuwa elfu ishirini na saba. Mamangu alinipa elfu ishirini na moja na mia tano, pesa za chama, yaani pesa za viazi, akaniambia zilizobaki atatafuta baada ya Ramadhani. Sikutaka atafute. Jumapili ya tarehe 12 ilikuwa siku ya mwisho ya ligi, na United walikuwa nyumbani na Cardiff City, timu iliyokwisha shuka daraja, haina cha kuchezea. Kampuni ya kubeti ilikuwa inalipa karibu mia na thelathini kwa kila mia. Piga hesabu: karo inatimia na nauli juu. Sikuona kama nabahatisha. Niliona kama naweka pesa kwa jamaa wa nyumbani, watu tuliowanunulia TV kabla ya friji. Watu wetu.

Mechi ilianza saa kumi na moja jioni. Cardiff walipata penalti, wakafunga. Nikasema kuna muda. Kipindi cha pili kilipoanza tu wakafunga la pili, mfungaji yule yule, na dakika chache baadaye adhana ya Magharibi ikaita. Banda likatoka kwenda kufuturu. Mamangu alikuwa pale nje anawapimia watu viazi, akanipa tende tatu na gilasi ya maji, akasema, "Mbona huli? Funga imekwisha." Mbili bila. Tende nilizitia mfukoni.

Nilimwambia baada ya siku nne. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Hao wazungu walijua kwamba pesa ni za karo?" Babangu ndiye aliyelia, na nadhani hakulia kwa ajili ya karo. Muhula ule sikuufanyia mtihani, uliofuata sikurudi. Ningeweza kurudi baadaye, tusidanganyane, lakini aibu nayo ina riba yake. Julai mwaka huo serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kubeti, na mtaani walikasirika. Mimi nilikaa kimya.

Kuna kitu huwa nakirudia kichwani. Mwaka huo huo wa 2019, wiki chache baada ya Cardiff, Bandari walishinda Kombe la Shirikisho la Kenya, wakiwafunga Kariobangi Sharks tatu kwa moja. Timu ya Mombasa, kombe la taifa. Mtaani kwetu sikusikia honi hata moja. Babangu aliipata habari kwa redio akiwa juu ya ngazi anapaka ukuta wa mtu, akashuka, akaketi.

Siku hizi huwa tunakwenda Mbaraki, mimi na yeye, Bandari wakiwa nyumbani. Tunavuka daraja kwa matatu. Yeye husimama muda wote, goti au si goti, na hutukana kwa Kimvita safi ambacho nyumbani hakitumii. Jezi ya United bado anaivaa akienda kazini, imejaa rangi za nyumba za watu.

Mimi naandika, nalipwa kwa makala, wakati mwingine nalipwa. Ijumaa jioni mamangu huniita na kitabu chake kidogo cha hesabu, mimi nina simu.

"Kesho?"

"Chelsea na Brentford."

"Hiyo moja. Jumapili?"

"Arsenal na City."

Anafikiri. Ananitazama, kisha anaitazama simu.

"Mbili," anasema, na kuniomba nimletee kisu.