Furu Mwekundu, Furu wa Buluu: Historia ya Rangi Katika Miamba ya Ziwa Victoria

Katika mialo ya Mara, kuanzia Mugango na Kiriba hadi ufuko wa Bunda, neno "furu" hubeba jamii kubwa ya samaki wadogo wanaoanikwa juani, wanaoliwa kitoweo na wanaotumiwa kama chambo cha sangara, na wingi huo wa matumizi umezaa fikra kwamba furu wote ni mamoja na kwamba tofauti ya rangi zao ni pambo lisilo na maana. Fikra hiyo haistahimili uchunguzi. Rangi ya furu ni kumbukumbu ya namna spishi, yaani kundi la viumbe linalozaliana lenyewe kwa lenyewe, zinavyoachana na kuwa mbili, na pia ya namna zinavyoweza kurudi kuwa moja.

Andiko linalofaa kuanzia ni lile la mwaka 1985, ambamo E. Witte-Maas na Frans Witte walimweleza kitaalamu samaki mmoja wa ziwa hili na kumpa jina la *Haplochromis nyererei* kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyeng'atuka urais mwaka huohuo. Heshima hiyo hutajwa peke yake, ilhali maudhui ya andiko hayasomwi, nayo ndiyo yenye uzito: samaki huyo alistahili jina lake mwenyewe, hakuwa rangi nyingine tu ya samaki aliyekwisha kujulikana.

Kabla ya hapo yalikuwapo maelezo ya Hilgendorf ya mwaka 1888 na kazi ndefu ya Greenwood iliyoanza miaka ya 1950, lakini wataalamu hao walitegemea zaidi samaki waliotoka kwenye matope na mchanga, mahali nyavu zinapokokoteka bila kuchanika. Miamba ilibaki pembeni. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden lilipoanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, na hasa Ole Seehausen alipoifuata miamba hiyo katika miaka ya 1990, ilidhihirika kwamba humo mlikuwa na ulimwengu mzima usioandikwa. Wavuvi wa kusini mwa ziwa walikuwa na jina lake tayari, *mbipi*, na mwaka 1998 Seehausen na wenzake walilichukua jina hilo walipoeleza spishi mpya 15 na jenasi mpya tatu, yaani makundi ya spishi zilizo ndugu, mojawapo ikiitwa *Mbipia* na nyingine *Pundamilia*. Ni haki kusema kwamba elimu ya wavuvi ilitangulia, na maabara ikafuata.

Samaki wa Mwalimu aliingizwa katika jenasi hiyo ya *Pundamilia*. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi ya kusimama, na kwenye pezi la chini lina madoa ya njano yanayofanana na mayai. Ndugu yake, *Pundamilia pundamilia*, ana mistari ileile na umbo karibu lilelile, ila dume lake ni la buluu. Majike ya pande zote mbili yana rangi iliyofifia, na si rahisi kwa jicho la binadamu kuyatofautisha. Hapa ndipo ulipozuka ubishi unaostahili subira: je, hawa ni spishi mbili, au ni samaki mmoja mwenye madume ya rangi mbili?

Jibu lilitafutwa kwa jike mwenyewe. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1998, Seehausen na van Alphen waliwaweka majike mbele ya madume ya rangi zote mbili. Chini ya mwanga mweupe kila jike lilielekea kwa dume la aina yake, lakini chini ya mwanga wa rangi ya chungwa pekee, ambao unaficha tofauti ya wekundu na ubuluu, uchaguzi huo ulipotea. Machotara wao wanaishi na kuzaa vizuri. Kwa hiyo kinachowatenga ni jicho la jike, na jicho hilo linahitaji mwanga.

Mwaka 2008 hoja hiyo ilipelekwa visiwani. Katika kisiwa cha Makobe, upande wa magharibi wa Ghuba ya Speke, ghuba ileile inayofika Bunda, maji ni maangavu, na sahani nyeupe ya kupimia huonekana hata ikiteremshwa zaidi ya mita 2. Wekundu hukaa kina kirefu zaidi, wa buluu hukaa juu, na kila kundi lina aina yake ya jeni ya opsini, ambayo ni protini ya jicho inayopokea mwanga, aina ya wekundu ikielekea zaidi kwenye mwanga mwekundu unaotawala kule chini. Kwenye kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, sahani hiyo hupotea karibu na sentimita 50, na huko hakuna makundi mawili, bali samaki wa rangi za katikati. Wanaoshikilia kwamba rangi hazina maana hawajalijibu jambo hili.

Urithi wa rangi zenyewe nao umeanza kufunuka. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walimzalisha samaki wa Mwalimu, asiye na mistari ya kulala, na *Haplochromis sauvagei*, aliye nayo. Watoto wote walikosa mistari hiyo, lakini miongoni mwa wajukuu takriban mmoja kati ya wanne aliipata tena. Hiyo ndiyo alama ya jeni fifi, yaani ile inayojificha mpaka mzawa airithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Jeni iliyohusika, *agrp2*, hufanya kazi kama breki: ilipolemazwa katika samaki wa Mwalimu, mistari ya kulala ikajitokeza. Kwa mfano wa rangi nyingi ndani ya spishi moja kweli, yupo *Neochromis omnicaeruleus* wa Makobe, ambaye kwake wenye mabaka ya chungwa au meupe ni hasa majike, kwa sababu jeni za mabaka zimefungamana na zile zinazoamua jinsia.

Ubishi mwingine ulihusu muda ambao spishi hizo zilihitaji ili kuachana: mwanabiolojia Geoffrey Fryer alikataa kwamba ziwa lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, akidai mamia ya spishi zisingeweza kutokea baada ya hapo. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2017 umeonyesha kwamba furu hawa wametokana na mchanganyiko wa koo mbili za kale, ya Kongo na ya Nile ya juu, na hivyo walianza na akiba kubwa ya jeni, na pingamizi lake limepoteza nguvu.

Sangara amelaumiwa kwa kumaliza furu, na kwa haki. Lakini sangara hula samaki. Maji machafu, kwa upande wake, huifuta mipaka kati ya samaki waliobaki, kama Seehausen, van Alphen na Witte walivyoonya mwaka 1997. Udongo wa mashamba unaosombwa na mito na mbolea inayostawisha mwani humnyima jike mwanga wa kuchagulia. Hali hiyo isipozuiwa, furu wataendelea kuvuliwa na kuanikwa, na jeni za wekundu huenda zikabaki ndani yao, lakini samaki wa Mwalimu hatakuwapo tena. Kumhifadhi ni kuhifadhi uangavu wa maji, na kazi hiyo huanzia shambani, kwenye kingo za mito inayoshuka ziwani.